Nani abaki, nani aachwe: klabu za besiboli za Marekani humkadiriaje kijana wa Uganda?

Kati ya Novemba na Februari viwanja vya besiboli vya Marekani huwa vitupu, lakini ofisi za klabu huwa na shughuli nyingi kuliko wakati wowote wa mwaka. Huo ndio wakati wa kuamua nani ataendelea kulipwa na nani atarudishwa kwao. Kwa vijana wachache wa Uganda waliokwisha kuingia katika orodha hizo, na kwa wale wanaotamani kuwafuata, uamuzi huo huanza na swali dogo: kijana huyu alizaliwa lini?

Rwekubo, katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, hakuna haja ya kumweleza mtu maana ya dirisha la usajili. Vibanda vya kuonyeshea mpira hujaa jioni za mechi za Uingereza, na hali ni hiyo hiyo ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwaka 1958 na ambayo leo yanakaliwa na zaidi ya watu 150,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na Eritrea. Mabishano juu ya nani kauzwa na nani katemwa huendelea kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Runyankole hadi taa zizimwe.

Besiboli haina kibanda chake. Wengi wameijua kupitia simu tu, hasa kwa video za Dennis Kasumba, mdakaji kijana wa Uganda aliyejirekodi akifanya mazoezi kwa matairi chakavu. Hata hivyo Uganda imepiga hatua kubwa katika mchezo huo, na njia yake haipiti mbali na Isingiro. Basi litokalo Mbarara kwenda Kampala hupita Mpigi, ambako Mmarekani Richard Stanley alijenga viwanja vya besiboli na shule iliyotoa kizazi kizima cha wachezaji. Mwaka 2012 timu ya watoto wa Lugazi, mashariki ya Kampala, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika fainali za dunia za Little League huko Williamsport, jimboni Pennsylvania. Mwaka 2015 timu nyingine ya Uganda ilirejea huko. Februari 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili vijana wawili, Umar Male na Ben Serunkuma. Baada yao David Matoma alisajiliwa na Pittsburgh Pirates.

Kusajiliwa, lakini, ni mlango wa nje tu. Kila mwaka msimu unapokwisha, jina la mchezaji hurudi mezani.

Orodha tatu, moja ndani ya nyingine

Ligi kuu ya Marekani ina klabu 30. Wachezaji wanaoonekana kwenye televisheni ni 26 kwa kila klabu. Hao wamo ndani ya orodha kubwa zaidi ya watu 40, na walio katika orodha hiyo ndio ambao klabu nyingine haiwezi kuwagusa. Chini yao kuna ngazi za ligi ndogo, kuanzia ile iliyo hatua moja tu kutoka ligi kuu hadi ligi za mafunzo za Florida na Arizona, ambako watazamaji ni wachache na mechi huchezwa kwenye jua kali la mchana. Chini kabisa, nje ya Marekani, kuna ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika. Kijana wa miaka 17 anayetoka ng'ambo kwa kawaida huanzia huko.

Ngazi hizo zimekuwa zikibanwa. Hadi mwaka 2023 klabu iliruhusiwa kuwa na wachezaji 180 wa ligi ndogo upande wa Marekani. Tangu 2024 kikomo ni 165. Nafasi 15 kwa klabu moja ni kidogo, lakini kwa klabu 30 ni nafasi 450 zilizofutwa, na aghalabu hazikufutwa kwa wenye majina. Zilifutwa kwa kijana wa miaka 21 ambaye bado yuko ligi ya mafunzo na ambaye kocha wake anaomba apewe mwaka mmoja zaidi.

Katikati ya Novemba kuna siku ya mwisho ambayo kila klabu huiogopa kwa sababu yake. Mchezaji aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini, akishamaliza misimu mitano katika ligi ndogo, au minne ikiwa alisaini akiwa na miaka 19 na kuendelea, lazima aingizwe katika orodha ya watu 40. Asipoingizwa, mwezi Desemba klabu nyingine yoyote inaweza kumchukua kwa dola 100,000 katika uteuzi unaoitwa wa Kanuni ya Tano. Klabu inayomchukua nayo hufungwa: lazima imweke miongoni mwa wale 26 msimu mzima, la sivyo imrudishe alikotoka kwa nusu ya fedha hizo. Hivyo hakuna anayemchukua mtu kwa majaribio ya juma moja. Klabu zote mbili zinabashiri kijana atakuwaje baada ya miezi kumi na miwili, na kila moja inatumaini mwenzake amekosea.

Fedha zilizopo kati ya ngazi hizi zinaeleza kwa nini jina moja lina uzito. Mshahara wa chini kabisa wa ligi kuu mwaka 2025 ulikuwa dola 760,000 kwa mwaka. Katika ligi za mafunzo, mkataba wa pamoja uliofikiwa mwaka 2023 uliinua kima cha chini kutoka dola 4,800 hadi 19,800. Wachezaji walioko Dominika hawamo katika chama kilichojadili mkataba huo.

Msomaji aliyezoea soka anapaswa kuangalia tofauti moja. Mchezaji wa soka mkataba wake ukiisha huondoka. Katika besiboli, kijana aliyesaini utotoni hubaki mali ya klabu kwa misimu sita au saba ya ligi ndogo, kutegemea umri aliosaini. Yeye hawezi kuondoka, lakini klabu inaweza kumwacha siku yoyote. Mzani huo haujasawazishwa, na hakuna anayedai kuwa umesawazishwa.

Hesabu ya kesho kwa kumbukumbu za jana

Klabu hukadiria vipi? Kila moja ina wataalamu na kompyuta zake, na hazisemi zinavyofanya. Lakini mantiki ya msingi inafahamika, kwa sababu mtakwimu Tom Tango aliitoa hadharani miaka mingi iliyopita katika hesabu nyepesi aliyoiita Marcel. Jina ni la kima wa kwenye tamthilia ya televisheni. Utani wake ulikuwa kwamba hata kima angeweza kuifanya, na kwamba anayeuza makadirio ya gharama kubwa athibitishe kwanza kuwa anamshinda kima.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukulia mpigaji ambaye msimu uliopita alikuwa na wastani wa .280, yaani kati ya majaribio 100 alifanikiwa mara 28. Msimu wa kabla yake alikuwa na .260, na wa kabla ya huo .240. Marcel huupa msimu wa karibuni uzito wa 5, unaoufuata 4, na wa zamani zaidi 3. Ikiwa alicheza sawasawa misimu yote, matokeo ni karibu .263. Kijana anapanda, lakini hesabu haiamini kupanda kwake moja kwa moja.

Kisha inakuja hatua inayowaudhi mashabiki: makadirio husogezwa kuelekea wastani wa ligi nzima. Sababu ni kwamba bahati imo ndani ya kila takwimu. Aliyefanya vizuri mno pengine alibahatika kidogo, na aliyefanya vibaya mno pengine alikosa bahati. Ikiwa wastani wa ligi ni .245 na mpigaji huyu amejaribu mara 500 kwa kila msimu, makadirio yake hushuka hadi .260 hivi. Mwisho huongezwa kidogo ikiwa yuko chini ya miaka 29, hupunguzwa kidogo ikiwa ameuvuka.

Jambo la kuangaliwa ni nguvu ya kusogezwa huko. Mwenye kumbukumbu nyingi husogezwa kidogo. Mwenye kumbukumbu chache husogezwa sana. Na asiye na kumbukumbu yoyote? Hesabu humpa wastani wa ligi kuu moja kwa moja, .245 kamili, kana kwamba ni mchezaji wa kawaida kabisa wa ngazi ya juu. Kwa maana hiyo Marcel ingemkadiria kijana wa Mpigi, ambaye hajawahi kumkabili mrushaji wa kulipwa hata mmoja, kuwa sawa na mchezaji wa kati wa Chicago. Bila shaka huo si utabiri. Ni njia ya adabu ambayo hesabu hutumia kusema haijui.

Mifumo ya baadaye ilijaribu kuziba pengo hilo. PECOTA, iliyobuniwa na Nate Silver na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 2003, humtafutia mchezaji wenzake wa zamani waliofanana naye kwa umri, umbo na takwimu, kisha huangalia waliishia wapi. Mifumo mingine hutafsiri takwimu za ligi ndogo kuwa za ligi kuu, kama mtu abadilishavyo shilingi kuwa dola. Lakini kijana wa Uganda hana wenzake wa zamani wa kufananishwa nao, na ligi alikochezea haina kiwango cha kubadilishia. Kwake kompyuta hunyamaza, na aliyebaki kusema ni msaka vipaji aliyesimama nyuma ya wavu na mashine ya kupimia kasi mkononi.

Kwa nini warushaji

Pengine ndiyo maana Male, Serunkuma na Matoma wote ni warushaji. Mrushaji ndiye anayeanzisha kila pigo kwa kumtupia mpigaji mpira, na kasi ya mkono wake haihitaji mpinzani ili ipimwe. Mpira wa maili 95 kwa saa, karibu kilomita 153, ni wa maili 95 Mpigi kama ulivyo Miami. Matoma, anayejulikana kwa kurusha mipira inayokaribia maili 100, alihitaji uwanja, mdakaji na mashine iliyorekebishwa vizuri. Mwaka 2024 alikuwa akirusha Bradenton, Florida, katika timu ya ngazi ya chini ya Pirates.

Mpigaji hana bahati hiyo. Ili ijulikane kama anaweza kuupiga mpira wa maili 95, lazima awepo mtu wa kuutupa mpira huo, tena mara mamia. Nchini Uganda watu hao ni wachache. Mdakaji naye ana mzigo mzito zaidi, maana kazi yake ni kumsoma mpigaji, kumwongoza mrushaji na kuzuia mipira iliyopotea, mambo ambayo hukomaa kwa kucheza mechi tu. Kasumba alipata viza mwaka 2023 na kuchezea Frederick Keys ya Maryland, katika ligi ambayo wasaka vipaji huitumia kuwaangalia vijana. Bidii yake ilimtangulia kwa mamilioni ya watazamaji. Msimu huo hakupata mkataba wa klabu ya ligi kuu. Video ya mazoezi haimwonyeshi mtu dhidi ya mpinzani.

Kwa klabu, kumsajili kijana wa namna hii si gharama kubwa. Kila mwaka, kuanzia Januari 15 hadi Desemba 15, klabu hupewa bajeti maalumu ya kusajili vijana wa nje, na kusaini kwa dola 10,000 au chini ya hapo hakuhesabiwi katika bajeti hiyo. Dola hizo ni kitu kidogo kwa klabu yenye mapato ya mamilioni, ilhali kwa familia ya Mpigi ni fedha za kujengea nyumba. Hatari ya kweli kwa kijana huja mwaka wa pili na wa tatu. Kwa kuwa klabu haikuweka mengi, haina mengi ya kupoteza inapomwacha, na aliyelipwa dola milioni moja atavumiliwa muda mrefu zaidi hata akicheza vivyo hivyo.

Ndiyo sababu mechi za kipindi cha mapumziko zina maana kuliko zinavyoonekana. Klabu huwapeleka baadhi ya wachezaji wao katika ligi za msimu wa baridi za Dominika, Mexico, Venezuela na Puerto Rico. Australia pia ina ligi yake inayochezwa kuanzia Novemba, ambako timu kama Perth Heat na Brisbane Bandits zimewapokea vijana wa klabu za Marekani. Kila mpigaji anayekabiliwa huko ni mstari mmoja katika kumbukumbu, na kila mstari huipunguzia hesabu haja ya kukisia.

Miaka tisa ya Ngoepe

Mfano wa Kiafrika uliokamilika ni wa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Alisajiliwa na Pirates mwaka 2008, baada ya kuonekana katika kituo cha mafunzo cha ligi kuu huko Tirrenia, Italia. Gongo lake halikuwahi kuwa na sifa kubwa. Kilichomweka ni glovu: alikuwa mlinzi hodari wa eneo la kati ya kituo cha pili na cha tatu, na ulinzi ni kitu ambacho makocha walikiona kwa macho hata pale takwimu za kupiga zilipomsuta. Kila Novemba mtu fulani ofisini alilazimika kumtetea.

Aprili 26, 2017, miaka tisa baadaye, aliitwa Pittsburgh na kuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza katika ligi kuu. Mara yake ya kwanza kupiga, alimkabili Jon Lester wa Chicago Cubs, mmoja wa warushaji mashuhuri wa wakati huo, akapata pigo safi. Bara zima lilishangilia. Alicheza mechi 28 mwaka huo kwa wastani wa .222.

Novemba ya mwaka ule ule Pirates walimpeleka Toronto Blue Jays. Hakukuwa na uchungu wala sherehe katika uamuzi huo. Mechi 28 zilikuwa zimeongezwa juu ya miaka tisa ya kumbukumbu za ligi ndogo, hesabu ikafanywa upya, na klabu ikaona nafasi yake katika orodha ya watu 40 ingefaa kwa mtu mwingine. Mashabiki waliokuwa wameona historia walidhani historia ina uzito mezani. Haina.

Umri kama takwimu

Pale ambapo kumbukumbu ni chache, umri huchukua nafasi yake. Mrushaji wa miaka 17 anayetupa maili 92 bado anakua, na klabu humwona akifikia 97. Mwenye miaka 20 anayetupa maili 92 hizo hizo pengine amefika mwisho wake. Mkono ni ule ule, mpira ni ule ule, lakini mmoja atasajiliwa na mwingine ataambiwa asante. Kanuni humruhusu kijana wa nje kusaini akiwa na miaka 16, mradi atimize 17 katika msimu wake wa kwanza, na kila mwaka unaopita baada ya hapo hupunguza thamani yake.

Kwa hiyo klabu huziangalia tarehe za kuzaliwa kwa jicho la polisi, na zina sababu. Januari 2012 mrushaji wa Cleveland aliyejulikana kama Fausto Carmona alikamatwa mjini Santo Domingo alipokuwa akitoka ubalozi mdogo wa Marekani. Jina lake la kweli lilikuwa Roberto Hernández, na umri wake 31, si 28. Klabu ilikuwa imekwisha kuchagua kumbakiza kwa msimu wa 2012, kwa makadirio ya mtu aliyedhaniwa kuwa kijana zaidi kwa miaka mitatu. Tangu visa vya aina hiyo, ligi huchunguza hati za kila kijana kabla ya kuidhinisha mkataba.

Uganda ilionja ukali huo mapema. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kanda huko Kutno, Poland, na ilikuwa iende Williamsport. Serikali ya Marekani iliwanyima viza kwa sababu ya kutolingana kwa hati za umri, na nafasi yao ikachukuliwa na timu ya Dhahran, Saudi Arabia. Watoto wa Langley, Kanada, ambao walikuwa wacheze nao, walisafiri hadi Uganda Januari 2012 ili mechi ile ichezwe hata hivyo. Miezi michache baadaye Lugazi walikuja na hati zao zimepangwa, wakafika Pennsylvania na kuwafunga Gresham wa Oregon 3 kwa 2.

Hao walikuwa watoto wa raia, katika nchi yao wenyewe. Kwa kijana wa Nakivale safari ni ndefu zaidi. Wengi waliovuka mpaka walifika bila karatasi. Umri wao uliandikwa kwa kauli ya mzazi au mlezi, na pale ambapo siku haikujulikana, iliandikwa Januari 1. Waliokwisha kuhamishiwa Australia, Kanada au Marekani wanalijua jambo hili: familia nzima husherehekea siku moja ya kuzaliwa, na watoto wao shuleni huona ajabu. Kwenye fomu ya shule ni kichekesho. Kwenye meza ya mchunguzi wa besiboli ni alama ya kuuliza. Kijana aliyezaliwa Novemba 2008 na kuandikwa Januari 1 ya mwaka huo amezeeshwa kwa miezi kumi bila kosa lake. Na mwaka wenyewe ukiwa wa kukisia, huenda akapoteza miwili.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, kutembea nchini na kupata hati ya kusafiria, jambo ambalo nchi nyingi haziruhusu. Kwa sheria hakuna kinachomzuia kijana wa Nakivale kupanda basi Mbarara na kushuka Mpigi. Baada ya hapo kuna viza ya Dominika, kisha ya Marekani, na milango hiyo ina kanuni zake. Juni 2025 Marekani ilitangaza vizuizi vya kuingia kwa raia wa nchi kadhaa, zikiwemo Somalia na Eritrea, na kwa kiasi fulani Burundi. Wakimbizi wa nchi zote tatu wanaishi Nakivale, na hati ya kusafiria iliyotolewa Kampala haibadili uraia ulioandikwa ndani yake.

Kuna kundi moja lenye hali tofauti, nalo linakua: watoto wa wakimbizi waliozaliwa Uganda. Wajawazito wa Nakivale wanaohitaji huduma kubwa kuliko ya zahanati za makazi hupelekwa Kituo cha Afya cha Rwekubo, au wakizidiwa, Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Mtoto anayezaliwa katika vituo hivyo hupewa taarifa ya kuzaliwa yenye siku, mwezi na mwaka, iliyojazwa na mkunga aliyekuwapo. Mzazi akiipeleka kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Utambulisho na Usajili, inaweza kutolewa hati kamili ya kuzaliwa. Wengine huipeleka. Wengine huikunja pamoja na kadi ya chanjo, huiweka katika mfuko wa plastiki juu ya boriti, na huitafuta tena siku mtoto anapofikia umri wa kufanya mtihani wa darasa la saba.